Mkulima Huondoka, Ugonjwa Hubaki

Mhadhara kwa wakulima wa mboga wa Sombetini, Arusha

 

Nimeombwa nizungumzie brokoli na magonjwa ya ukungu yanayokaa udongoni. Nitayazungumzia, ila niseme mapema ninakoelekea. Magonjwa haya hayaishi kwa kupuliza dawa, na mkulima akipambana nayo peke yake hafiki mbali. Yanazidi kuongezeka kwa sababu ya namna tunavyokodishana ardhi. Mtu anakodi robo eka kwa msimu mmoja, analima, anavuna anachojaliwa, anahama. Anayekuja nyuma yake anapokea udongo bila habari yoyote ya yaliyopita. Mkulima amekwenda zake, ugonjwa uko pale pale.

Brokoli ni mgeni mashambani kwetu, lakini ukoo wake si mgeni hata kidogo. Ni ndugu wa kabichi, koliflawa, sukuma wiki, chainizi, figili, na ile loshuu ambayo huku Arusha na Meru haihitaji kutambulishwa. Mkulima akipata oda ya hoteli, au ya watu wanaopeleka chakula kambi za mbugani, hupanda brokoli. Oda ikikatika, hurudi kwenye chainizi na sukuma wiki apeleke soko la Kilombero. Ukimuuliza, atakwambia amebadilisha zao, na kweli amebadilisha mbegu, nafasi na soko. Ila kwa ukungu unaoshambulia ukoo wa kabichi, hajabadilisha kitu. Amemlisha adui yule yule misimu mitatu mfululizo. Hili ndilo jambo ninalotaka kila aliyemo humu aondoke nalo hata akisahau mengine yote: kupokezana mazao ndani ya ukoo mmoja si kupokezana mazao.

Sasa tuuangalie ugonjwa wenyewe. Mmea ukinyauka saa sita mchana na udongo una unyevu, watu wengi hapa husema "mnyauko" kisha huenda duka la pembejeo. Mwaka 2007 mtafiti Aiwerasia Ngowi wa taasisi ya viuatilifu ya Ngaramtoni na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wakulima wadogo wa mboga Kaskazini mwa Tanzania. Walikuta asilimia 59 ya viuatilifu vilivyotumika ni vya wadudu na asilimia 29 ni vya ukungu, na takriban theluthi moja ya wakulima walikuwa wakichanganya dawa zaidi ya moja kwenye bomba. Nawafahamu wakulima wa namna hiyo, na siwalaumu. Mtu anayeona fedha yake ikikauka shambani atashika chochote kilicho karibu. Lakini dawa inayokaa juu ya jani haiendi kumkuta adui aliye ndani ya mzizi. Ni fedha iliyomwagwa, na mara nyingi ni afya ya anayebeba bomba iliyomwagwa pia.

Kabla ya kununua chochote, ng'oa mmea. Si ule uliokufa kabisa, kwa maana huo umeshaingiliwa na kila mdudu na kila ukungu wa kuozesha. Ng'oa ule ulioanza kuugua juzi au jana. Utoe kwa kuchimba ili mizizi isikatike, uikung'ute taratibu, kisha upasue shina kwa kisu kuanzia chini kwenda juu. Mimi nauthamini uchunguzi huu wa dakika tano kuliko chupa yoyote ya dukani.

Kwenye kitalu tatizo la kwanza ni kinyausi. Mche unachomoza vizuri, kisha unalala kana kwamba umefyekwa usawa wa udongo. Wanaokisababisha ni wawili hasa, Pythium, ambaye hupenda udongo uliotota, na Rhizoctonia, ambaye haoni shida hata pakiwa pakavu kidogo. Rhizoctonia ana tabia nyingine inayowaumiza wengi. Mche unaweza kuponea kitaluni na kuhamishiwa shambani ukiwa na kovu la kahawia shingoni. Shina hubaki jembamba kama waya pale lilipokutana na udongo. Mmea hauanguki, unadumaa tu, na baada ya miezi miwili unakupa kichwa kisichouzika. Mkulima hulaumu mbegu. Kwa brokoli hasara hii ni nzito kwa sababu mbegu za chotara hununuliwa kwa bei ya kuuma, na kila mche unategemewa kutoa kichwa kimoja kikuu.

Kinyausi kinazuilika, na kukizuia hakuhitaji fedha nyingi. Inua tuta la kitalu ili maji yasituame. Sia kwa mistari na kwa nafasi, wala usimwage mbegu kwa kiganja. Mwagilia asubuhi ili jioni udongo wa juu uwe umekauka. Wakati wa kuhamisha, usifukie shina zaidi ya lilivyokuwa kitaluni, maana shina lililofukiwa ndilo Rhizoctonia analolitafuta. Wanaonunua miche ya kwenye trei waigeuze waangalie mizizi na shingo kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Ipo pia njia ya jua. Mwaka 1976 Jaakov Katan na wenzake nchini Israeli walionyesha kwamba udongo uliolowanishwa, ukafunikwa kwa nailoni angavu na kingo zake zikafukiwa vizuri, hupata joto la kutosha kuua vimelea vingi vya tabaka la juu. Unauacha hivyo wiki 4 hadi 6. Nailoni iwe ile inayopitisha mwanga, kwa kuwa nyeusi haipashi udongo kwa kiasi kile. Hapa kwetu miezi ya kufanya hivyo ni Januari na Februari, jua likiwa kali kabla ya masika. Juni na Julai, tunapoamka na mawingu na manyunyu ya Meru, ni kupoteza nailoni. Njia hii inafaa kitalu na vipande vidogo, na sitamshauri mtu aifunike eka nzima. Lakini kitalu safi ni nusu ya vita. Wakulima wakubwa wa maua na tumbaku Afrika Mashariki waliwahi kutumia gesi ya methili bromidi kuua kila kilichomo udongoni. Gesi ile huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2015 kuiacha. Haijatuachia pengo sisi wa robo eka. Jua tunalo.

Ugonjwa wa pili ndio ninaotaka tukae nao kidogo. Ni mnyauko fusari wa ukoo wa kabichi. Wataalamu huuita ukungu wake Fusarium oxysporum, na aina inayoshambulia ukoo huu huongezewa jina la conglutinans. Ndugu yake aitwaye cubense ndiye anayenyausha migomba, hasa ndizi kisukari, na yupo mwingine wa nyanya. Kila mmoja ana mlango wake: wa mgomba hamuui brokoli, wa nyanya hamuui kabichi. Hii ni habari njema, kwa sababu inatuonyesha mazao ya kupokezana.

Dalili yake ni rahisi kuikumbuka. Jani huwa la njano upande mmoja wa mshipa wake mkuu, upande wa pili ukiwa bado kijani, na jani zima hupinda kuelekea upande mgonjwa. Majani ya chini huanza kudondoka. Ukipasua shina unakuta mishipa ya maji imegeuka kahawia. Ukungu umeingilia mizizini na kuziba njia ya maji, kwa hiyo hata ukimwagilia mchana kutwa mmea utanyauka. Mmea ukifa, ukungu hutengeneza mbegu zenye ganda nene ambazo hulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa ukoo ule ule upite karibu.

Wakulima wa kabichi wa Racine, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, walifika mwisho wa akili mwanzoni mwa karne iliyopita. Mashamba yao yaligeuka njano kwa ugonjwa huu mwaka hadi mwaka. Mwaka 1910 L. R. Jones alianza kazi Chuo Kikuu cha Wisconsin, na badala ya kutafuta dawa alikwenda kwenye mashamba yaliyokufa akatafuta kabichi zilizosalia zimesimama. Zilikuwa chache mno. Alichukua mbegu zake, akazipanda tena kwenye udongo ule ule mgonjwa, akachagua tena zilizosalia. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana kabichi iliyoitwa Wisconsin Hollander. Mwanafunzi wake, J. C. Walker, mzaliwa wa Racine, aliendeleza kazi na kugundua kwamba upo ukinzani wa aina mbili. Aina moja inashikilia hata udongo ukiwa na joto. Nyingine hulegea udongo ukipata joto kali, na mmea unanyauka kama hauna kinga.

Nimeileta habari hii ya mbali kwa sababu inatuhusu moja kwa moja. Fusari hii hupenda joto. Inastawi zaidi udongo ukiwa kwenye nyuzi 24 hadi 29. Juu kwenye miteremko ya Meru udongo ni wa baridi. Sombetini tuko chini, na Januari na Februari udongo wetu mtupu usio na matandazo hupata moto hasa. Kwa hiyo mkulima wa mlimani anaweza kukusifia mbegu fulani kwa dhati, nawe ukaipanda hapa ikakuangusha, na wote wawili mkawa mmesema kweli. Unaponunua mbegu ya brokoli au kabichi, usiulize tu itakomaa siku ngapi. Uliza kama ina ukinzani wa fusari. Makampuni mengi huandika herufi Foc kwenye pakiti au kwenye karatasi ya maelezo. Kama shamba lako limewahi kuwa na njano ya upande mmoja, na mbegu haina ukinzani huo, usiipande hapo. Na kwa vyovyote, panga brokoli ikomae miezi ya baridi: miche ihamishwe masika ikipungua, mavuno yaangukie Julai na Agosti.

Hapo hapo mlimani huanza tatizo jingine linalotufuata hadi chini wakati wa baridi na unyevu, kuoza kwa ukungu mweupe. Huu ni Sclerotinia. Unaona uzi mweupe kama pamba kwenye shina au kwenye kichwa cha brokoli, na ndani yake vipande vyeusi vigumu vinavyofanana kabisa na mavi ya panya. Vipande hivyo ndivyo akiba yake. Vikianguka udongoni hukaa miaka kadhaa, kisha unyevu wa baridi ukirudi huota viuyoga vidogo vinavyorusha mbegu hewani. Ubaya wake ni kwamba hauna ubaguzi. Unashambulia zaidi ya aina 400 za mimea, na ndani yake wamo maharage, karoti, saladi, nyanya na alizeti. Kwa hiyo ushauri wa "ukitoka kabichi panda maharage", ambao ni mzuri kwa fusari, ni ushauri mbaya hapa. Kinachousaidia udongo wenye ukungu mweupe ni jamii ya nyasi: mahindi, au mabingobingo. Nitarudi kwenye mabingobingo, kwa sababu hapo ndipo penye fedha.

Uvimbe wa mizizi nautaja ili atakayeuona autambue. Mmea unanyauka mchana na kuamka usiku, na ukiung'oa unakuta mizizi imevimba na kupindapinda kama vidole vya mgonjwa wa baridi yabisi. Katika miaka ya 1870 uliangamiza kabichi kuzunguka mji wa St. Petersburg huko Urusi, na mwaka 1878 Mikhail Woronin alimweleza msababishi wake, Plasmodiophora brassicae. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa ukungu. Leo wataalamu wamemtoa katika kundi hilo na kumweka kwenye protista, na ndiyo maana dawa nyingi za ukungu hazimgusi. Mbegu zake hupungua polepole mno: baada ya takriban miaka 4 nusu yake bado ipo hai. Anapenda udongo wenye tindikali, na kupandisha pH ya udongo hadi 7 na zaidi kwa chokaa ya kilimo humdhoofisha sana. Kwa hiyo pima udongo kwanza. Udongo wa miteremko ya juu yenye mvua nyingi huelekea zaidi kwenye tindikali, na mbolea ya SA ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huiongeza. Mwenye udongo wa namna hiyo ni heri akuzie kwa mbolea ya CAN. Atakayeiona mizizi ya namna hiyo asiitupe mferejini wala asimpe ng'ombe. Ampigie simu bwana shamba siku hiyo hiyo.

Si kila mnyauko ni wa ukungu. Ukiona njano ya umbo la V inayoanzia ukingoni mwa jani, na mishipa imegeuka myeusi badala ya kahawia, huo ni uozo mweusi wa bakteria, ambao huja na mbegu na kusambazwa na matone ya maji. Dawa ya ukungu haiutibu. Ukibaki na shaka, weka mmea mzima na udongo wake kwenye mfuko wa khaki, wala si nailoni iliyolowa, upeleke Ngaramtoni, kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, au kwa watafiti wa TARI Tengeru.

Magonjwa haya yote yanayokaa udongoni husafiri na udongo, na udongo wa Sombetini unasafiri sana. Trekta la kukodi linalima kwa fulani saa mbili na kwa jirani yake saa nne, na hakuna anayekwangua majembe katikati. Kirikuu na guta zinaleta "udongo mweusi" wa bustani za magunia, na hakuna anayeuliza umechimbwa wapi. Masalia ya kabichi kutoka sokoni yanakwenda kwa ng'ombe wa ndani, na samadi yake inarudi shambani. Mbegu za uvimbe wa mizizi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Samadi na mboji zinafaa, sisemi mziache. Lakini lundo lipate joto la nyuzi 60 katikati, ligeuzwe ili la nje liingie ndani, nalo lipate moto huo. Na anayelima vipande viwili, kimoja kizima na kingine kigonjwa, aanze na kile kizima asubuhi, amalizie na kile kigonjwa, kisha aoshe jembe na viatu hapo hapo.

Kuna jambo moja la faraja ninalopenda kuwaambia wakulima wa brokoli. Katika bonde la Salinas, California, mtafiti Krishna Subbarao na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba masalia ya brokoli yakikatwakatwa na kulimiwa udongoni hupunguza sana ukungu uitwao Verticillium, ambao huko unaiangamiza koliflawa. Ndani ya ukoo wa kabichi mna kemikali ambazo majani yakipondwa hutoa gesi ya ukali ule tunaousikia kwenye haradali, na gesi hiyo huumiza vimelea vingi. John Kirkegaard wa Australia ndiye aliyeipa njia hiyo ya kulimia masalia jina la kisayansi mwaka 1993. Kwa hiyo mashina mazima ya brokoli, baada ya mavuno, yana kazi shambani. Ila nasisitiza, mazima. Yenye njano ya fusari au yenye vipande vyeusi vya ukungu mweupe yang'olewe na kuchomwa, kwa maana ukiyalimia umepanda ugonjwa wa mwakani.

Sasa nirudi kwenye mikataba. Kila kinachosaidia kwa kweli dhidi ya fusari na ukungu mweupe kinadai muda: miaka 3, 4, hata 5 bila ukoo wa kabichi. Mkodishaji wa msimu mmoja hana miaka hiyo. Hana sababu ya kupumzisha ardhi atakayoiacha Agosti. Mwenye ardhi naye anapokea kodi yake na mara nyingi hajui kilichopandwa. Matokeo yake, ardhi ya watu waungwana inaharibika mikononi mwa watu waungwana, na kila mmoja anaamini amefanya haki.

Ninachopendekeza si kigumu. Tunapoandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tuongeze mambo kwenye karatasi ile ile. Kwanza, mwenye ardhi aeleze mazao yaliyopandwa miaka mitatu iliyopita na ugonjwa wowote ulioonekana. Pili, mkodishaji aandike atakachopanda, na akiondoka aache maelezo ya alichokiona. Karatasi hizo zikae kwa mwenye ardhi kwenye daftari moja la shamba hilo. Tatu, pale ambapo inawezekana, mkataba uwe wa miaka mitatu, na ndani yake uwe na msimu wa mahindi, wa vitunguu au wa mnavu. Aina za mnavu za Nduruma na Olevolosi, zilizotokana na kazi ya watafiti wetu wa Tengeru, zina soko hapa hapa mjini, na hazimo katika ukoo wa kabichi.

Na wenye ardhi, wazee wangu, nawaambia kwa heshima: kipande kilichougua kisipangishwe tena kwa mboga mara moja. Pandeni mabingobingo. Wafuga ng'ombe wa ndani wa mitaa hii wanayatafuta kila asubuhi, tena kwa fedha taslimu. Kodi ya mboga mtaikosa kwa muda, lakini ardhi itaendelea kuwalipa huku akiba ya ugonjwa ikipungua, na mtakapoikodisha tena mtakuwa na historia ya kumwonyesha mkulima, naye atakuwa na sababu ya kulipa zaidi.

Daftari linaweza kuanza leo. Andika kilichopo shambani sasa, na kilichotangulia kama unakikumbuka. Kama hukikumbuki, muulize jirani wa mpakani, yeye aliangalia shamba lako kila alipoinua kichwa kutoka kwenye lake. Na walioleta mimea iliyonyauka kwenye mifuko naomba wasiondoke. Baada ya maswali tutaipasua mmoja baada ya mwingine mbele ya wote, na masalia yake nitaondoka nayo mimi, yasibaki Sombetini.